The Teacher's Pet: isikilize, ila usiishie hapo

Nianze na nyota kabisa ili mwenye haraka aende zake. Podikasti naipa tatu na nusu kati ya tano, hukumu ya jaji naipa tano zote. Najua watu hawapigi nyota hukumu ya mahakama ila mimi nimezifuata zote mbili, moja kwa masikio nyingine kwa macho, na nafsi inanisuta nikiisifia ya kwanza bila kukutuma kwenye ya pili.

Kwa ambaye hajui, The Teacher's Pet ni podikasti ya gazeti la The Australian, ilianza kutoka Mei 2018, mwandishi wake Hedley Thomas. Inamhusu Lynette Dawson, walikuwa wanamwita Lyn, nesi, mama wa mabinti wawili mmoja miaka minne mwingine miwili, aliyepotea Sydney Januari 1982 akiwa na miaka 33. Mume wake Chris Dawson alikuwa mwalimu wa michezo sekondari na huko nyuma alicheza raga pamoja na pacha wake, kwa hiyo mtaani ni mtu anajulikana, anaheshimika. Huyu mwalimu akaanzisha mahusiano na mwanafunzi wake, msichana wa miaka 16, ambaye mpaka nyumbani kwao alikuwa anakuja kuangalia watoto. Lyn kapotea, siku hazijafika hata wiki, yule binti kahamia ndani ya nyumba ile ile ya Bayview, mtaa wa Sydney, na 1984 wakaoana. Hakuna maiti, hakuna silaha, hakuna mtu aliyeona. Na miaka 40 baadaye Chris Dawson akatiwa hatiani kwa mauaji.

Sasa podikasti yenyewe. Sehemu za mwanzo ni nzuri mno, sitasema uongo. Nilikuwa nasikiliza nikifua na nikajikuta nimesimama na nguo mkononi maji yanachuruzika hadi miguuni, kwa sababu ya habari ya bwawa la kuogelea. Iko hivi. Ijumaa usiku tarehe 8 Januari mama yake Lyn anaongea na binti yake kwa simu, anamsikia kama kachangamka na kinywaji, Lyn anamwambia mume wangu kaniandalia kinywaji kizuri. Kesho yake wamepanga wakutane wote kwenye bwawa la Northbridge, ambako Chris alikuwa anafanya kazi ya ziada ya kulinda waogeleaji. Bibi anafika, wajukuu wapo, baba yao yupo, binti yake hayupo. Chris anasema asubuhi nilimshusha stendi ya basi Mona Vale, alikuwa anaenda madukani. Alafu simu inaita kwenye kibanda cha pale bwawani, inamtafuta Chris, anaenda anaongea, anarudi anamwambia mama mkwe alikuwa Lyn, kasema anahitaji muda wa kukaa mwenyewe.

Basi. Huyu mama karudi nyumbani na hayo maneno na hakuisikia tena sauti ya mtoto wake mpaka anaingia kaburini. Mimi ni mzazi, niliirudisha ile sehemu mara tatu.

Hapo ndipo podikasti ina nguvu kuliko gazeti lolote, unawasikia watu wenyewe. Majirani, ndugu wa Lyn, wale aliofanya nao kazi kwenye kituo cha kulelea watoto, wanaongea taratibu, wengine sauti zinakatika, unasikia kabisa kwamba huyu mtu amelibeba hili jambo toka ujana wake na hakuna aliyewahi kumuuliza. Na hii ndiyo aibu yenyewe, kwamba hakuna aliyewauliza. Chris alienda kuripoti polisi tarehe 18 Februari. Hesabu toka ile Jumamosi ya bwawa, ni siku 40. Kwetu siku arobaini tunakuwa tunamsomea marehemu, yeye ndio kwanza anaenda kuandikisha kwamba mke haonekani, na anaondoka kituoni salama kwa maelezo kwamba mke aliondoka mwenyewe. Mwezi Machi akaweka na tangazo gazetini, Lyn nakupenda, tumekukumbuka sote, piga simu, tunakutaka nyumbani. Wakati anaweka hilo tangazo kuna msichana analala kwenye nyumba ya Lyn.

Ila sasa kasoro, na sio ndogo.

Kwanza ni ndefu kupita kiasi. Katikati pale kuna masaa na masaa ya kuzunguka, jambo limeshasemwa sehemu ya pili linarudi sehemu ya sita kwa muziki mpya, na mwandishi anaingia kwenye habari za shule na walimu wengine waliokuwa wanachezea wanafunzi miaka ile. Ni habari muhimu na zilitakiwa kusemwa, mimi naona zingetengewa mfululizo wake, humu zinakufanya umsahau Lyn. Kuna siku nilisikiliza karibu masaa mawili jina lake sikulisikia ipasavyo. Kiingereza chao pia ukiwa hujazoea lafudhi ya Australia utapata shida mwanzoni, hasa wazee wakiongea kwa simu, hiyo vumilia sehemu mbili tatu sikio litazoea.

Pili jina. The Teacher's Pet maana yake ni mwanafunzi kipenzi wa mwalimu, yaani podikasti ya mwanamke aliyeuawa imepewa jina la mtoto wa shule aliyekuwa anatumiwa na mwalimu wake. Na "kipenzi" ni neno la kumdekeza mtu, yule alikuwa mtoto na mtu mzima alijua anafanya nini. Juni 2023 mahakama ilikuja kumtia hatiani huyo huyo Dawson kwa kufanya mapenzi na mwanafunzi wake mwaka 1980, akapata miaka mitatu, kwa hiyo sio mimi tu ninayeona kwamba pale hapakuwa na mapenzi ya filamu. Jina lilitafutwa livute watu, likavuta, ila linaniuma.

Tatu ndio kubwa na ndio iliyonifanya nikate nyota moja na nusu. Ukisikiliza podikasti bila kusoma kitu kingine utaamini kwamba kesi ilikuwa imelala na podikasti ikaiamsha, podikasti imemkamata muuaji. Hapana, ni nusu ya ukweli. Uchunguzi wa kifo mahakamani ulishafanyika mara mbili, 2001 na 2003, na mara zote mbili ikaonekana Lyn ameuawa na kuna mtu anayejulikana wa kushtakiwa, DPP, yaani mkurugenzi wa mashtaka, akasema ushahidi hautoshi. Polisi walishachimba kwenye ile nyumba ya Bayview mwaka 2000 wakakuta kadigani ya pinki karibu na bwawa la nyumbani, na 2015 polisi wa New South Wales, jimbo ambalo Sydney ipo, walishaunda kikosi kipya cha kuipitia kesi upya. Kwa hiyo kulikuwa na askari wanafanya kazi kimya kimya kabla ya maikrofoni. Podikasti ilileta presha, ilileta mashahidi ambao hawakuwahi kujitokeza, na watu wakaanza kulitaja jina la Lyn dunia nzima, ilipakuliwa mara makumi ya mamilioni na mwaka ule ule wa 2018 ikapata Gold Walkley ambayo ndiyo tuzo kubwa ya waandishi wa habari kule. Septemba polisi wakachimba tena siku kadhaa hawakupata kitu, Desemba 5 Dawson akakamatwa jimbo la Queensland akasafirishwa kwenda Sydney. Hongera zao na nasema kwa moyo wote.

Lakini nini kilifuata? Hapa ndipo wasikilizaji wengi waliacha kufuatilia, walishapata mwisho wao, mtu kafungwa pingu, wakahamia podikasti nyingine. Aprili 2019 podikasti ikabidi iondolewe kwa wasikilizaji wa Australia ili isiharibu kesi. Mawakili wa Dawson wakaenda mahakamani wakasema mteja wetu hawezi kupata haki, nchi nzima imeshamhukumu kwa masikio, kesi ifutwe moja kwa moja. Na hawakuwa wanaongea hewa! Septemba 2020 Jaji Elizabeth Fullerton alikataa kuifuta ila aliisimamisha kwa muda na akaisema ile podikasti maneno makali. Wakakata rufaa, wakashindwa, wakaenda mpaka Mahakama Kuu ya Australia, ambayo kule ndiyo ya juu kabisa, Aprili 2022 nako wakakataliwa. Fikiria wewe ni kaka yake Lyn, umesubiri toka 1982, unaona kabisa kitu kilichokusaidia kinaweza kuwa ndicho kitakachomtoa mtu nje bila hata kesi kusikilizwa. Mimi hiyo miaka mitatu na nusu ya kusubiri ilinibadilisha namna ninavyosikiliza hizi podikasti zote.

Mwisho ikasikilizwa Mei 2022 mbele ya jaji peke yake, Ian Harrison, bila juri, kwa sababu ungewapata wapi raia kumi na wawili ambao hawajasikia? Na mwandishi mwenyewe akaitwa kizimbani kama shahidi, rekodi zake za mahojiano zikatumika, wakili wa utetezi anamhoji shahidi hiki unachosema leo ulikiongea hivi kwenye podikasti au ulikisikia kwenye podikasti? Hili swali sio la ujanja wa mawakili tu. Mtu anakumbuka jambo la miaka 36 iliyopita nusu nusu, alafu anasikiliza masaa ya watu wengine wakikumbuka, akilini vinachanganyika hata yeye hajui kipi ni chake. Ushahidi wake umeshalowa. Jaji naye alisema wazi kwamba podikasti haikuwa na mizani na baadhi ya mashahidi huenda iliwaathiri.

Sasa hukumu, na hapa nakaa kidogo.

Tarehe 30 Agosti 2022 mahakama ilirusha laivu YouTube. Kwangu ilikuwa usiku wa manane, nikajifunika shuka na simu, nikijua ni dakika ishirini tumemaliza. Jaji akasoma karibu masaa matano. Hakutaja mwanzoni kama ana hatia au hana, anasoma tu, sauti ile ile, haongezi chumvi, hakuna muziki, hakuna kukata pale patamu ili usubiri wiki ijayo. Kuna saa nilikata tamaa kabisa, maana alikuwa anataja mambo ya upande wa mashtaka anasema hili silikubali, hili halijathibitika. Ile habari kwamba Dawson aliwahi kwenda kutafuta mtu wa kumlipa aue, ambayo kwenye podikasti inakusimamisha nywele, jaji alisema haijathibitishwa kwa kiwango kinachotakiwa. Nikasema basi, anamwachia huyu.

Kumbe alikuwa anachambua kama mama anayechambua mchele kwenye ungo, chuya anatupa pembeni ili kinachobaki kiwe mchele mtupu. Na kilichobaki kilikuwa kingi. Ile simu ya bwawani alisema ni uongo, na sababu yake ni nyepesi mpaka nikajiuliza mbona sikuiona mwenyewe katika masaa yote yale: mwanamke anayemkimbia mume ataacha kumpigia mama yake, ataacha kuulizia watoto wake, alafu mtu pekee atakayempigia ni yule yule anayemkimbia? Haiingii akilini. Wale waliosema wamemwona Lyn mitaani miaka ya baadaye akawapitia mmoja mmoja, akaona wamekosea au hawaaminiki. Na yule msichana, ambaye mahakamani aliitwa JC tu, alieleza kwamba alikuwa South West Rocks, mji wa pwani mbali kaskazini, na wenzake, Dawson akamwambia Lyn ameondoka, harudi, akamfuata kwa gari akamrudisha Sydney. Harudi! Wakati huo huo polisi na ndugu wataambiwa mke anahitaji muda, atarudi. Mtu mmoja hawezi kujua yote mawili.

Huu ndio wanaita ushahidi wa mazingira, na nilikuwa nadhani ni ushahidi wa kubahatisha, ule wa pale ambapo hakuna wa kweli. Sivyo. Kimoja kimoja ukikishika kinavunjika, mke anaweza kuondoka, mume anaweza kuchelewa kuripoti, watu wanaleta wapenzi nyumbani kila siku. Ila vyote kwa pamoja, jaji akasema, vinaacha maelezo mamoja tu, kwamba Lyn alikufa tarehe 8 Januari 1982 au karibu na hapo kwa kitendo cha mume wake aliyekusudia kumuua. Masaa yote yale nimekaa, nikasikia neno hatia, nikaona watu wanalia mtandaoni nami nikawa mmoja wao.

Desemba mwaka huo akapewa miaka 24, na 18 ya kwanza hakuna kuomba paroli, yaani kuachiwa kabla ya kumaliza kifungo, mzee wa miaka 74. Hata kwenye adhabu jaji hakujifanya anajua asichokijua, alisema ushahidi hauonyeshi alimuuaje, alisaidiwa na nani kama alisaidiwa, wala mwili uko wapi. Podikasti ingetafuta cha kujazia hapo. Rufaa yake mahakama ya rufaa ya jinai iliitupa Juni 2024.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayetaka kuanza. Sikiliza sehemu nne tano za mwanzo, ndio utajua Lyn alikuwa nani, alicheka vipi, aliwapenda vipi wanawe, hukumu haiwezi kukupa hilo na hapo podikasti haina mpinzani. Katikati rukaruka tu hutapoteza kitu. Usimalizie na zile za mwishoni za kubashiri mwili umezikwa wapi, nenda moja kwa moja NSW Caselaw, tovuti ya hukumu za mahakama za New South Wales, ukasome hukumu, ni bure, aya zimepewa namba kwa hiyo unaweza kusoma kidogo kidogo hata wiki mbili. Ni ndefu, Kiingereza chake cha kisheria ila sio kigumu sana, jaji anaandika kama anamweleza mtu aliyekaa mbele yake. Kuna podikasti ya gazeti lile lile ya kufuatilia kesi yenyewe, nilisikiliza kidogo, imetulia zaidi ya ile ya kwanza, ya kukusindikiza sio mbaya.

Na kama wewe ni wale wa kutengeneza hizi podikasti, au hata wale tunaopenda kuandika kwenye mitandao mtu akipotea tu kwamba ni mume, ni mume, nakuomba kitu kimoja. Ukimpata shahidi ambaye hajawahi kuongea na polisi, mpeleke polisi kwanza akaandikishe maelezo yake yakiwa bado ni yake, rekodi yako itasubiri. Wiki mbili za kusubiri hazikupunguzii wasikilizaji, ila zinaweza kumpunguzia wakili wa utetezi hoja ya miaka mitatu. Najua 1982 polisi walizembea, mkuu wa polisi wa jimbo mwenyewe alikuja kukiri 2018, kwa hiyo mtu kuwaamini inakuwa ngumu, naelewa. Lakini anayeumia kesi ikianguka sio polisi.

Wengine wataniuliza mbona podikasti bado naipa tatu na nusu baada ya kusema yote haya. Kwa sababu ya zile sauti. Kuna mwanamke anasimulia kuhusu Lyn kazini, ni dakika chache tu, anasema namna alivyokuwa anaongelea watoto wake, na baada ya kumsikiliza huwezi tena kuamini kwamba huyu mama aliwaacha wale watoto kwa hiari yake. Miaka yote watu walikuwa wanaambiwa kaondoka, kajiunga na watu wa dini fulani, kaanza maisha mapya. Ilikuwa inamuua mara ya pili, inamfanya mama aliyetupa wanawe. Podikasti ililiondoa hilo doa hata kabla ya mahakama, na kwa ndugu zake nadhani hilo peke yake lilikuwa kubwa.

Mwili mpaka leo haujapatikana. Kule New South Wales walipitisha sheria mwaka 2022 kwamba muuaji asiyesema mwili uko wapi hapati paroli, watu wanaiita sheria ya Lyn. Siku ile ya hukumu kaka yake alisimama nje ya mahakama akamwomba Dawson afanye jambo la kiutu awaambie alipo ili wamzike, alafu akaomba waandishi kitu kingine, kwamba kuanzia leo asiitwe tena kwa jina la ukoo wa mume. Mimi nimeandika Dawson pale juu ili mtu akitafuta aipate hii kesi. Jina lake ni Lynette Joy Simms.